Kabla Sanduku Halijapandishwa Juu ya Kuni

Kutoka Tabora hadi Kigali nilisafiri kwa malori, na katika yote nilikaa juu ya mzigo. Juu ya chumvi hadi Kahama, juu ya sabuni hadi Biharamulo, juu ya saruji kupitia Ngara. Saruji hiyo ilinyeshewa kabla hatujafika daraja la Rusumo, ikaanza kuganda kwenye suruali yangu. Askari wa forodha wa upande wa pili alinigonga paja kwa kidole, likalia kama ukuta, akaniuliza kama nami nalipiwa ushuru. Niliingia Rwanda nikitembea kwa miguu iliyonyooka kama magongo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina randa moja na patasi kwenye gunia, na sikuwa na mpango wa kukaa. Sijawahi kuwa na mpango wa kukaa popote, ndiyo maana nimevuka miaka arobaini nikiwa na marafiki katika kila mji na kitanda changu mwenyewe sina. Lakini Kigali nilikaa kuliko nilikokaa kwingine kote, na kazi niliyoifanya huko ndiyo nyinyi vijana wa karakana hii mnayoniuliza kila tukikaa kunywa chai. Mnataka kujua kwa nini seremala mwenye mikono mizima amestaafu kutengeneza masanduku ya maiti. Basi sikilizeni, na mnaotaka kuingia kwenye kazi hiyo sikilizeni zaidi.

Nilishukia Biryogo, mtaa wa Waislamu. Niliulizia fundi seremala, nikaelekezwa kwa Mzee Rajabu. Babu yake alikuwa mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kule na biashara, akaoa, akasahau kurudi. Wajukuu wengine walikuwa mafundi cherehani na wauza duka. Yeye alishika mbao. Nilipoingia kwake nilisimama mlangoni nimeduwaa. Karakana ilikuwa imejaa masanduku ya maiti, yamesimamishwa ukutani kama watu wanaongoja kuitwa. Mimi ni Mwislamu. Kwetu sisi jeneza linakupeleka kaburini na linarudi msikitini bila wewe.

"Mzee, haya yote ya nani?" nikamwuliza.

"Ya wateja," akasema, hakuinua macho kwenye randa. "Muuza viatu iko na miguu mingapi?"

Akaniajiri siku hiyo hiyo. Jina langu hakulishika hata mara moja. Aliniita Tabora mpaka mwisho.

Masanduku yenyewe yalikuwa ya aina mbili. Ya Wakatoliki yalikuwa ya mbao nzito, vanishi, misumari, vishikio vya chuma, msalaba juu. Aina ya pili ilinishangaza. Mbao nyepesi, hazikupakwa chochote. Hakuna msumari hata mmoja, kila kiungo kimeshikwa kwa vijiti vya mti. Vishikio ni kamba ya katani. Sakafu imeachwa nafasi baina ya ubao na ubao, kiasi cha kidole kupita. Ndani, Mama Zaina, mke wa Rajabu, ambaye alikuwa na cherehani yake pale pale kibarazani, alitandika pamba tupu. Hakutumia nailoni wala sponji.

"Hili likibebwa litavunjika," nikasema.

"Linabebwa mara moja," Rajabu akajibu. "Halafu linaungua."

Lilikuwa la Wahindu. Walikuwapo mjini, wafanyabiashara na familia zao, na dini yao inawataka wachome maiti. Kwa kawaida yao humlaza marehemu juu ya machela ya mianzi na kumbeba mabegani. Lakini mahali pao pa kuchomea palikuwa bondeni, chini ya Kinyinya, na Kinyinya ya wakati ule ilikuwa mashamba ya mtama na maharage, njia yake vumbi na mashimo. Machela juu ya pikapu ilikuwa aibu. Ndipo mzee mmoja wao akaenda kwa Rajabu, wakakubaliana juu ya sanduku linaloungua pamoja na mwenyewe. Kutoka sanduku kazi ikasogea hadi kwenye kuni, maana hakuna aliyejua kupanga kuni kama yeye. Ilipofika zamu yangu ya kujifunza, Rajabu alikuwa ndiye anayelaza kuni, anayesimama na mti mrefu pembeni ya moto, na anayebaki pale mpaka majivu.

Sasa niwaambie ya kazi. Kuni ziwe mikaratusi iliyokauka misimu miwili. Gogo lenye maji ndani hulia na kurusha makaa. Msumari hauungui, unabaki majivuni, na kesho yake mtoto wa marehemu akiokota mifupa ya mzazi wake unamchoma kidole. Kuna uchungu gani zaidi ya huo? Vanishi hutoa moshi mweusi unaowarudia waombolezaji usoni. Kandambili za mpira ni hivyo hivyo, marehemu aende pekupeku. Miwani huyeyuka na kushikana na mfupa, mivue, mpe mjane. Uturi ni ruhusa, umwage kwenye nguo, chupa irudi nyumbani. Picha, barua, maua, shanga za mti, shali ya pamba, hivyo weka hata gunia zima.

Kingine chochote kilipita kwanza mkononi mwa Rajabu. Alikuwa na neno moja tu analowaambia wafiwa, kwa Kiswahili chake cha Kigali: "Kitu imefungwa, ikipata moto, inatafuta mlango."

Hilo neno nililielewa siku ya nazi. Wahindu huweka nazi, na nazi za Kigali zilitoka mbali, zimekaa dukani mpaka zimekuwa jiwe. Ndugu wa marehemu alikataa itobolewe, akaona si heshima. Ililia kama bunduki. Kifuu kilipita juu ya kichwa changu na kumpiga ng'ombe wa watu upande wa pili wa kijito. Tangu siku ile Rajabu alitoboa jicho la nazi kwa patasi mbele ya ukoo mzima, na aliyenuna akanuna.

Halafu kuna siku ya fundi saa. Marehemu alikuwa akitengeneza saa mjini, na mkewe, mwanamke mpole, aliingiza chini ya mto ile saa ya mezani ambayo mumewe aliamkia maisha yake yote. Akaijaza ufunguo kabisa, isisimame njiani. Tulikuwa tumeshalaza sanduku juu ya kuni, tunaweka za juu, kuhani wao anasoma. Kengele ikalia ndani ya sanduku. Siwezi kuwaeleza. Watu wazima, wenye maduka, walikimbia. Kuhani aliruka mtaro ambao hata mimi nilikuwa nikiuzunguka. Mimi nilikuwa nimekumbatia gogo na sikujua nilitupe au nilishike. Rajabu peke yake aliinama, akaweka sikio kwenye ubao, uso wake umekuwa rangi ya majivu.

"Hajafufuka," akasema. "Ameamshwa tu."

Mjane alicheka na kulia pamoja. Saa ikatolewa. Na tokea hapo Rajabu akaongeza sharti. Hakutosheka tena kuuliza. Kabla sanduku halijapandishwa, anaingiza mkono wake, kuanzia kichwani hadi unyayoni, chini ya mto, chini ya tandiko, na mimi naangalia.

Lakini sharti hilo lilikuwa na tundu, na wote tuliliona na hakuna aliyeliziba. Maiti ikiwa ya mwanamke, Rajabu hakuingiza mkono. Aligeuka, akawapa mgongo, nami nikageuka naye, na mwanamke wa ukoo ndiye aliyepekua. Hakuna aliyeona kosa. Mwanamume wa Biryogo akipapasa sanduku la mke au mama wa mtu? Hata mimi ningemshangaa.

Basi akafa Mama Bajia.

Jina lake la kweli walilijua wenzake. Kigali nzima ilimwita hivyo. Mumewe alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Jayant, na stovu ya pampu, ile ya shaba yenye tumbo la mviringo la mafuta. Kwa stovu hiyo alikaanga bajia kibarazani na kumsomesha Jayant mpaka akafungua duka la vitambaa. Hata baada ya duka, hata baada ya kupata jiko la umeme, aliendelea kuipampu ile stovu kila alasiri. Sisi tulikuwa tukila bajia zake tukitoka kazini. Mwanamke mnene, mwenye maneno. Akiniona ananiuliza, "Wewe Tabora, mke iko wapi? Au iko kwa lori bado?"

Asubuhi ile Jayant alikuja karakana na stovu mkononi, imefungwa kwenye taulo. Hakuwa na umri wa kunizidi. Macho yamevimba.

"Muzehe Rajabu," akasema, "mama alinishika mkono jana, akasema hii iende na yeye. Nikasema ndiyo. Ni neno yake ya mwisho."

Rajabu aliipokea, akaitikisa. Mafuta yalicheza tumboni.

"Mwanangu, hii haiendi."

"Nimemwahidi."

"Najua. Lakini hii iko na tumbo imefungwa, na ndani mafuta ya taa. Nani atasimama pale na mti kusukuma kuni? Ni mimi. Nani atasimama kichwani na moto? Ni wewe. Unataka kesho wachome wawili?"

"Nitamwaga mafuta."

"Hata tupu italia. Nipe niifungue. Nitatoa pampu, nitatoa kichwa, nitatoboa tumbo hapa chini, tundu ndogo. Halafu iende."

Jayant aliitazama stovu kama mtu aliyeambiwa mama yake atatobolewa. "Hapana," akasema. "Hakuna mtu kuivunja."

"Basi ikae. Siku ya kupeleka majivu mtoni, uiteremshe nayo majini, nzima. Maji haina shida na kitu kimefungwa. Sawa, mwanangu?"

Mama Zaina aliacha cherehani. Kisha Jayant akaikunja tena stovu kwenye taulo, akasema, "Sawa, Muzehe," akaondoka nayo. Mimi nilimwamini. Rajabu alimwamini. Mtu aliyekula bajia za mama hawezi kudhani mtoto wa mama huyo atamwua.

Mchana tukawa Kinyinya. Sanduku likateremshwa kwenye pikapu. Rajabu akauliza kama alivyouliza siku zote, na alimwuliza Jayant mwenyewe: "Ndani hakuna kitu?"

"Hakuna kitu, Muzehe."

Tukageuka, mimi na Rajabu, tukatazama mtama wa watu. Mama mdogo wa Jayant, mdogo wake marehemu, alipekua. Nilisikia bangili zake zikilia ndani ya sanduku. Alipekua kichwani, kifuani, hadi magotini, na magotini palianza maua, mengi, yamerundikwa hadi miguuni. Hakutaka kuyavuruga. Hakuna wa kumlaumu. Akasema, "Tayari."

Jayant alizunguka na chungu cha maji, akashika moto, akawasha. Wakarudi wote nyuma ya kamba. Hiyo kamba ilikuwa ya Rajabu pia. Aliifunga mbali, na watu walizoea kumnung'unikia kwamba hawaoni vizuri. Ndani ya kamba tulibaki sisi wawili, na mimi nilikuwa nimetumwa kuongeza kuni kutoka kwenye lundo, mgongo wangu umeelekea moto.

Sikusikia mlio. Watu wote waliusikia, wakulima waliusikia hadi juu kilimani, lakini mimi nakumbuka msukumo tu mgongoni, halafu nimelala kifudifudi na mdomo umejaa udongo. Nilipogeuka, kitanda cha kuni kilikuwa kimefunguka. Magogo yametawanyika yakiwaka kila moja peke yake kwenye nyasi. Rajabu amepiga magoti, mkono wake wa kushoto unawaka kuanzia kiwikoni, na anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Nikamrukia na gunia la maji. Nilipolitoa gunia nikaona jicho lake.

Na juu ya kuni zilizobaki, vijana wangu, Mama Bajia alikuwa nje. Sanduku limepasuka upande mzima. Nusu yake imefunikwa, nusu yake haijafunikwa, mbele ya mwanawe, mbele ya dada yake, mbele ya mji mzima aliouuzia bajia. Hilo ndilo nililoliona usingizini kwa miaka.

Waombolezaji hawakukimbia safari hii. Hawakusogea kabisa.

"Tabora," Rajabu akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi. "Mti uko wapi?"

"Mzee, twende hospitali."

"Yeye abaki hivi? Nipe mti."

Akasimama. Kwa mkono mmoja na jicho moja alianza kusukuma magogo yarudi, nami nikayaokota yanayoshikika na kuyarudisha, na tulipofika upande wa kichwa nikaona mikono mingine inasukuma gogo karibu na yangu. Jayant alikuwa amepita chini ya kamba. Nguo yake nyeupe imechafuka majivu hadi kiunoni.

"Ni mimi," alikuwa akisema, si kwa mtu yeyote. "Niliificha chini ya maua. Niliijaza. Nikakaza skurubu na koleo, isimwagikie sari yake."

Nilimtazama na sikuwa na hasira. Nilishindwa kuipata. Alikuwa amekaza skurubu ili mama yake asichafuke. Angeilegeza kidogo tu, hewa ingepata pa kutokea. Upendo wake wote ulikuwa katika ile koleo, na koleo ndiyo iliyotufanya hivi.

"Funika miguu," Rajabu akamwambia. "Huko. Gogo kubwa juu ya dogo. Usilie juu ya moto, utapumua moshi."

Tukamfunika. Moto ukashika upya. Ndipo Rajabu akakaa chini na hakuweza tena kusimama.

Wakulima walikuwa wameteremka kilimani na majembe, na konseye, kiongozi wa sehemu ile, mbele yao. Mwanamke mmoja alikuwa akirudia, "Mana yanjye, Mana yanjye," Mungu wangu, Mungu wangu, kwa sauti ndogo. Konseye alitaka kujua ni bomu la nani. Wakati ule mlio kama huo karibu na mji ulikuwa neno zito, na kwa mgeni ulikuwa neno la kufukuzwa nchini. Jayant alifungua mdomo.

"Ni stovu," Rajabu akasema kabla yake, akiwa amelala kwenye pikapu, kitambaa usoni. "Stovu ya kupikia. Mimi ndiye mkubwa wa kazi hapa. Iliingia kwenye sanduku na mimi nilikuwa nimegeuka. Andika hivyo."

Hakusema uongo hata kidogo. Konseye aliokota kipande cha shaba kilichojikunja, akanusa, akaona ni stovu kweli, akakitupa.

Jicho halikupona. Mkono ulipona vibaya, vidole viwili havikunjuki. Na baada ya miezi, Mzee Rajabu akarudi Kinyinya, akasimama mbele ya sanduku la bibi mmoja, akauliza swali lake, akageuka akatupa mgongo. Nilikasirika. Njiani kurudi tuligombana kwa mara ya kwanza.

"Heshima ni heshima," akasema.

"Heshima imekula jicho lako, Mzee."

Mama Zaina alitusikia tukiingia bado tunabishana. Akakata uzi kwa meno.

"Mimi nitaingiza mkono," akasema. "Pamba ya ndani si naishona mimi? Nimebakiwa na mume wa jicho moja. Wa bila macho sitaki, nitampeleka wapi?"

Rajabu akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile, na mjadala ukaisha. Wahindu walikubali bila neno. Mara yake ya kwanza kupekua, sanduku la mama mmoja mzee, alitoa tochi yenye betri zake, imewashwa. Wajukuu waliiweka, bibi asitembee gizani. Akaizima, akawarudishia, wala hakuwakaripia. Nami nikashtuka tena, maana niliwatazama wale watoto wa watu, na wote walikuwa walewale walioona ya Mama Bajia kwa macho yao. Walikuwepo. Wakaweka hata hivyo.

Shikeni hapo, vijana. Mwizi haweki kitu ndani ya sanduku la maiti. Mjinga haweki. Anayeweka ni yule aliyempenda marehemu kuliko wote, na huyo ndiye atakayekuangalia machoni na kukwambia hakuna. Mimi nilichoka kuyatazama macho hayo, ndiyo maana siundi tena.

Jayant hakuhama mji, ingawa wengi wa kwao walikuwa wakiondoka kidogo kidogo. Mwanzoni alikuja karakana kukaa tu. Rajabu hakumfukuza wala hakumbembeleza. Baadaye alianza kumshika mkono kumvusha barabara Ijumaa, akamngoja nje ya msikiti. Rajabu alilalamika juu yake kwa kila mtu: "Huyu jicho langu la pili halioni mashimo. Jana amenitia kwenye mtaro." Ijumaa iliyofuata Jayant akamngoja tena.

Mimi miguu ilianza kuniwasha mwanzoni mwa miaka ya themanini, na nikaivumilia kwa miaka. Kila nilipotaka kuaga niliuliza nani atabaki ndani ya kamba na mzee wa jicho moja, nikafungua mzigo. Asubuhi niliyoondoka kweli nilikuwa nimefunga gunia langu usiku wa jana yake na sijamwambia mtu. Nilipita karakana. Kulikuwa na msiba: baba na wanawe wamekuja na sanduku la mama yao juu ya pikapu, wako njiani kwenda Kinyinya. Rajabu alikuwa amekaa kibarazani. Mama Zaina anasubiri, mikono ya gauni ameikunja. Na aliyesimama kwenye pikapu, akiuliza, alikuwa Jayant.

Mtoto mkubwa alikuwa kijana wa umri ule ule aliokuwa nao Jayant siku ya stovu. Aliulizwa kwa utulivu kama kuna kitu ndani.

"Hakuna kitu," yule kijana akasema.

"Na mimi nilisema hivyo," Jayant akamwambia, akamwonyesha Mzee Rajabu pale kibarazani. "Mtazame yule, halafu nijibu tena."

Kijana alitazama muda mrefu. Kisha akapanda kwenye pikapu, akaingiza mkono mwenyewe.

Sikungoja kuona atatoa nini. Nilimshika Rajabu mkono, ule mzima, akajua. "Nenda, Tabora," akasema, "lori haingoji." Nikateremka kwenda Nyabugogo, kwenye malori.